Mtoto kupoteza usemi baada ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo: wazazi waambiwe kabla ya kutia saini

Muuguzi wa Wodi ya Watoto:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba nilete hapa jambo ambalo wazazi hukutana nalo wakati wamechoka, wameshakopa, na hawana wa kumuuliza. Mtoto amegundulika kuwa na uvimbe sehemu ya nyuma ya ubongo, amepasuliwa, ameamka salama na pengine ameomba maji au amemwita mama yake. Kisha siku moja au mbili baadaye ananyamaza kabisa, haitiki wala hatoi neno. Nafanya kazi katika wodi ya upasuaji wa ubongo wa watoto, na nimewaona wazazi waliouvumilia upasuaji wenyewe kwa ujasiri mkubwa wakiangushwa na ukimya huu uliokuja wakati walikuwa wanaanza kupumua. Ninachodai ni kwamba habari hii wapewe kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, wasiachwe kuigundua wenyewe kando ya kitanda.

Hali hii inajulikana, ina jina (kwa Kiingereza cerebellar mutism syndrome), na imeandikwa katika majarida ya tiba kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1985 Harold Rekate na wenzake nchini Marekani walieleza ububu unaotokana na serebela, yaani ile sehemu ya ubongo iliyoko kisogoni ambayo wengi tulifundishwa shuleni kuwa kazi yake ni kutunza mizani ya mwili tu. Mwaka 2015 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Iceland, na makubaliano yao yaliyochapishwa mwaka 2016 ndiyo yaliyoipa hali hii maelezo yanayotumika sasa: mtoto hukosa usemi au hubaki na usemi mdogo sana baada ya kupasuliwa uvimbe wa serebela au wa chemba ya nne ya maji ya ubongo, yaani uwazi ulio mbele ya serebela ambamo maji ya ubongo hupita, na pamoja na hilo hubadilika hisia, akawa mwenye kulia na kukasirika bila kutulizika. Mara nyingi mwili hulegea, kumeza huwa shida, na mikono na miguu hukosa uratibu.

Si jambo la nadra kiasi cha kustahili kufichwa. Katika uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006, uliohusisha watoto 450 waliopasuliwa meduloblastoma, ambayo ndiyo saratani ya ubongo inayowapata watoto zaidi katika sehemu hiyo ya nyuma ya ubongo, asilimia 24 walipata hali hii. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne! Katika uvimbe wa aina nyingine, hasa ule uliokaa upande mmoja wa serebela mbali na katikati, uwezekano ni mdogo zaidi. Watu wazima wanaopasuliwa sehemu hiyohiyo huipata mara chache sana.

Kinachowachanganya wazazi zaidi ni kule kuchelewa. Laiti mtoto angeamka bubu, kila mtu angeelewa kwamba ni upasuaji. Lakini ameamka akisema, shangazi amepigiwa simu, jamaa wameshukuru Mungu, ndipo sauti inakatika. Hapo kila mmoja hutafuta maelezo yake. Mmoja anamshuku muuguzi wa usiku kwa sindano aliyompa, mwingine anasema kuna mkono wa mtu, na baba anaanza kuuliza utaratibu wa kumwondoa mtoto hospitalini. Hofu yangu kubwa iko hapo kwenye kuondoka, kwa sababu mtoto wa meduloblastoma bado anahitaji tiba ya mionzi, ambayo kwa kawaida huanza wiki nne hadi sita baada ya upasuaji, na kuichelewesha mno kunapunguza nafasi yake ya kupona. Mtoto huyu akipelekwa kijijini ili "atulie kwanza", saratani itaendelea na safari yake.

Jambo moja lisichanganywe na haya. Si kila ukimya baada ya upasuaji ni huu ninaoueleza. Mtoto anayezidi kusinzia na haamshiki, anayetapika, mwenye homa au shingo ngumu, mwenye degedege, au ambaye kidonda chake kimevimba au kinatoa maji meupe kama ya kisimani, huyo anahitaji daktari saa hiyohiyo, kwa kuwa huenda maji yamejaa kichwani, au damu imevuja, au kuna maambukizi. Mkiona mtoto amenyamaza, iteni daktari kwanza ampime. Jina la hali lije baada ya hatari hizo kuondolewa.

Karibuni tuelimishane, na wenye uzoefu waeleze.

Mama Rahma, Tanga:

Dada Muuguzi, shikamoo, na Mwenyezi Mungu akulipe. Haya uliyoandika ndiyo niliyoyaishi na mwanangu wa kiume. Aliamka akaniuliza kama mdogo wake amekula, kesho yake akafunga kinywa. Kilichonitesa kuliko kunyamaza ni kilio. Alikuwa analia sauti nyembamba ya juu, bila machozi wakati mwingine, usiku kucha, na nikimgusa anajikunja kama anayechomwa. Macho anayafumba hata kama hajalala. Wakwe zangu walitaka tumrudishe nyumbani akasomewe, na mume wangu akawa katikati, hajui amsikilize nani.

Naomba uniambie mambo mawili ambayo mpaka leo sijajibiwa. Je, wakati ule alikuwa ananisikia? Na kile kilio kilikuwa cha maumivu?

Muuguzi wa Wodi ya Watoto:

Marahaba Mama Rahma, na pole kwa usiku ule.

Alikuwa anakusikia. Katika hali hii masikio ni mazima, na mara nyingi mtoto huelewa sehemu kubwa ya yale anayoambiwa, ingawa huchelewa na hawezi kuonyesha kwamba ameelewa, kwa sababu hata kutikisa kichwa au kuminya mkono kunahitaji uratibu ambao kwa wakati ule hana. Ndiyo maana mimi huwakatalia kabisa ndugu wanaosimama kando ya kitanda wakajadili kama mtoto atapona au atabaki hivyo. Wakajadiliane nje. Ndani ya wodi azungumziwe kama mtoto anayesikia: aambiwe ni asubuhi, nani amempigia simu, sasa tunakugeuza upande wa kulia.

Kuhusu kilio, jibu la haki ni kwamba vyote viwili vinawezekana, kwa hiyo maumivu hutibiwa kwanza na kidonda huangaliwa. Lakini kilio kile chembamba kisichotulizika ni sehemu ya hali yenyewe. Sehemu za ubongo zinazoongoza hisia nazo zimekatiwa mawasiliano yake ya kawaida, na mtoto hukasirika au kuogopa bila sababu ya nje. Kinachosaidia ni kupunguza vurugu: mwanga mdogo, wageni wachache, mtu mmoja kuzungumza kwa wakati mmoja, na mikono ileile iliyozoeleka kumuogesha. Tuliwahi kuwa na binti ambaye bibi yake alikuwa mbali, akamtumia rekodi za sauti kwenye simu, hadithi fupifupi za nyumbani, kuku wametaga wapi, nani amekuja kuazima jembe. Simu ile ilipowekwa karibu na mto, mabega ya mtoto yalishuka. Hakusema neno, lakini alitulia, na siku ile alikula.

Kuhusu wakwe, kusomewa dua hakugombani na matibabu. Aliye na sauti ya upole aje asome kando ya kitanda, mtoto akiwa palepale wodini na dawa zake zikiendelea.

Baba Kelvin:

Nashukuru kwa uzi huu. Naomba niulize kwa heshima lakini bila kuzunguka. Kama mtoto alikuwa anaongea kabla ya kuingia chumba cha upasuaji na sasa haongei, kwa nini tusiseme kwamba daktari amekata kitu asichopaswa kukata? Kaka yangu ananishauri nifungue mashtaka, na mimi sitaki kumwonea mtu wala sitaki kudanganywa.

Muuguzi wa Wodi ya Watoto:

Baba Kelvin, swali lako ni halali, na afadhali daktari wako akujibu uso kwa uso akiwa na picha za MRI mezani. Nitaeleza ninavyojua.

Ndani ya serebela mna viini, yaani mafungu ya seli za neva, na kutoka katika viini hivyo zinapanda njia za neva zinazovuka upande wa pili na kufika sehemu za juu za ubongo zinazopanga usemi, mwendo na hisia. Uvimbe kama meduloblastoma mara nyingi hukaa katikati, juu ya chemba ya nne, umezikumbatia njia hizo pande zote mbili na pengine umegusa shina la ubongo, yaani sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo. Kuutoa bila kuzisumbua njia hizo ni kazi ngumu hata kwa mikono bora duniani. Zikisumbuliwa, sehemu za juu za ubongo ambazo hazikuguswa na kisu hupunguza kazi, na vipimo huonyesha hata damu inayopita huko imepungua. Ni sawa na nyumba ambayo balbu zake ni nzima lakini waya unaoleta umeme umepata hitilafu njiani. Na kwa kuwa tishu zilizoguswa huendelea kuvimba katika siku za kwanza baada ya upasuaji, wataalamu wengi wanaona hiyo ni sehemu ya sababu ya mtoto kuamka akisema na kunyamaza baadaye.

Madaktari wamejaribu njia mbalimbali za kuufikia uvimbe ili wasipasue katikati ya serebela, na hospitali nyingi zimeacha mkato wa zamani, lakini hali hii bado inatokea. Umri mdogo, uvimbe kukaa katikati na aina ya uvimbe vina uzito mkubwa. Kwa hiyo kunyamaza kwa mtoto peke yake si ushahidi wa uzembe. Penye haki ya kulalamika, kwa maoni yangu, ni pale ambapo mzazi hakuambiwa kwamba jambo hili linaweza kutokea, au aliuliza akajibiwa kwa ukali. Hilo lilalamikiwe, na lilalamikiwe kwa maandishi.

Ukumbuke pia uvimbe ule ungeachwa ungefanya nini. Ungeziba njia ya maji ya ubongo, mtoto angeendelea kutapika asubuhi, kuumwa kichwa na kuyumba, na mwisho wake haukuwa wa kuongea.

Mnyooshaviungo, Mwanza:

Naomba kuongeza kwa upande wa fiziotherapia, kwa sababu usemi huwa unashika masikio ya kila mtu na mwili unasahaulika.

Mtoto mwenye hali hii mara nyingi hawezi kushikilia kichwa chake, wala kukaa bila kuegemezwa, na ukimwinua ghafla analegea mikononi mwako. Wazazi wengi humwacha amelala chali mchana kutwa kwa huruma. Naomba msifanye hivyo. Mara daktari anaporuhusu, mtoto akalishwe kwa vipindi vifupi, mgongo umeegemezwa, kichwa kikiwa katikati, miguu ikiwa imekanyaga kitu. Nyumbani kusipokuwa na kiti maalumu, pembe ya kuta mbili na mito vinatosha kuanzia. Mtoto asiyeweza kudhibiti shingo na kifua hawezi kudhibiti pumzi, na pasipo pumzi hakuna sauti, kwa hiyo kazi ya kukaa ni sehemu ya kazi ya kusema.

La pili ni kumeza, ambako ndiko kwenye hatari ya haraka. Chai, maji na soda hukimbia haraka kuliko koo lake linavyoweza kujifunga, na huingia kwenye njia ya hewa. Mtoto akikohoa wakati wa kunywa, sauti ikawa ya majimaji baada ya kumeza, au akapata homa za kifua mara kwa mara, simamisheni kulisha kwa mdomo na mwambieni daktari. Atalishwa kwa mpira wa puani mpaka koo lirudi. Anaporuhusiwa kuanza, uji mzito laini usio na mabonge ni salama kuliko uji mwepesi. Akae wima, kidevu kimeshuka kidogo, kijiko cha chai kiwe nusu, mlishaji akae chini ya usawa wa macho ya mtoto ili asiinue shingo, na asiongezewe kingine kabla koo halijapanda na kushuka. Mlo mmoja unaweza kuchukua muda mrefu sana. Ndivyo ulivyo.

Mama Rahma, Tanga:

Mnyooshaviungo umenikumbusha. Mwanangu kabla ya kusema alicheka. Mdogo wake alipiga chafya kwenye simu, naye akacheka kwa sauti, tukatazamana. Baada ya hapo akawa ananong'ona. Je, huo ndio mpangilio wa kawaida?

Muuguzi wa Wodi ya Watoto:

Mama, unatokea kwa wengi, ingawa kila mtoto ana njia yake. Ukimya hudumu kuanzia siku chache hadi miezi kadhaa, na kwa wengi ni wiki. Kabla ya neno huja kicheko, au kuguna, au mtoto kuanza kukataa kwa kugeuza uso, na kukataa huko sisi hukufurahia kwa sababu kunaonyesha nia. Kisha hunong'ona neno mojamoja, na neno la kwanza mara nyingi ni la mahitaji au la hasira.

Wazazi wajue vilevile kwamba usemi ukirudi haurudi ukiwa kamili. Ulimi unakuwa mzito, maneno yanatoka polepole, silabi moja moja zenye uzito sawa, hivyo ule mkazo wetu wa silabi ya pili kutoka mwisho unapotea na "nataka kulala" inatoka kama vipande sita vilivyopangwa mstari. Kwa baadhi husafika ndani ya miezi, kwa wengine hubaki. Katika kundi lile la watoto 450, wengi wa waliopata hali kali bado walikuwa na matatizo ya usemi, mwendo au akili mwaka mmoja baadaye. Nasikitika kuliandika hilo, lakini mzazi aliyeahidiwa kwamba "atarudi kama zamani" huacha mazoezi siku ahadi inapokawia.

Hakuna dawa iliyothibitishwa. Zipo ambazo madaktari wamezijaribu kwa mtoto mmoja mmoja, kama bromokriptini na zolpidemu, na baadhi wameripoti nafuu, lakini watoto wengi huanza kusema bila dawa yoyote, kwa hiyo ni vigumu kujua kilichofanya kazi. Msinunue chochote dukani kwa kusikia jina hapa.

Mwalimu wa Darasa la Tatu:

Nina mwanafunzi aliyerejea shuleni baada ya upasuaji wa aina hii, mionzi na dawa za saratani. Anaongea, lakini polepole, na wenzake humalizia sentensi zake. Kuandika kunamchosha. Wazazi wanasema ana akili zake zote. Mimi naona anaelewa lakini anachelewa, na sijui nimpime vipi bila kumwonea.

Muuguzi wa Wodi ya Watoto:

Mwalimu, umeona sawasawa. Serebela inashiriki katika kasi ya kufikiri, kupanga na kukumbuka kwa muda mfupi, na mionzi ya kichwa nayo, hasa kwa mtoto mdogo, inaongeza ugumu huo kadiri miaka inavyokwenda. Kwa hiyo uwezo na kasi vipimwe kando. Mpe maswali machache ya kiwango kilekile badala ya maswali mengi mepesi. Mpe muda wa ziada. Mruhusu ajibu kwa mdomo pale mkono unapochoka, na kwa maandishi pale ulimi unapokataa. Mkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango. Na hao wanaomalizia sentensi zake wafundishwe kungoja, kwa kuwa mtoto anayemaliziwa huacha kuanza.

Wazazi waombe barua kutoka kwa daktari ikieleza hali hii, ili mwalimu atakayempokea mwakani asidhani ni uvivu. Na kama kuna mtaalamu wa tiba ya usemi anayefikika, apelekwe. Najua ni wachache mno nchini, na wengi wako mijini. Ndiyo maana mimi hushauri mzazi ahudhurie vipindi vya mwanzo akiwa na daftari, ajifunze mazoezi, ayafanye nyumbani kila siku kwa dakika chache, na arudi kwa mtaalamu kupimwa maendeleo.

Mama Mtarajiwa wa Upasuaji:

Nimesoma uzi wote nikilia, lakini afadhali nimeusoma. Mwanangu ana miaka minne, uvimbe uko katikati, na tumeambiwa atapasuliwa wiki ijayo. Nyumbani tunazungumza Kisukuma, Kiswahili anakijua kidogo. Nifanye nini kabla ya siku hiyo?

Muuguzi wa Wodi ya Watoto:

Mama, pole, na umefanya vyema kuuliza mapema.

Omba kukaa na daktari wa upasuaji, ikiwezekana pamoja na baba yake, mkiwa mmeandika maswali. Muulizeni uvimbe umekaa wapi hasa na kama umegusa shina la ubongo. Anaonaje uwezekano wa mtoto kunyamaza. Akinyamaza, nani atampima kumeza kabla hajapewa chakula, na fiziotherapia itaanza lini. Muulizeni kama maji yamejaa kichwani na yatashughulikiwaje. Muulizeni pia majibu ya kipande cha uvimbe yatatoka lini na nani atawaunganisha na kitengo cha saratani, ili muda wa mionzi usipite. Kwa wanaotibiwa Dar es Salaam, mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, na watoto wa saratani walioko Muhimbili husaidiwa na shirika la hisani la Tumaini la Maisha. Kwa Kanda ya Ziwa mionzi iko Hospitali ya Bugando, Mwanza. Mpango huo uanze kufanywa sasa, msisubiri mtoto aseme kwanza.

Mrekodi mwanao kwenye simu akizungumza na kucheza, dakika chache tu, ili mtaalamu wa usemi baadaye ajue alivyokuwa anatamka. Na hilo la Kisukuma waambie wauguzi kabla ya upasuaji, liandikwe kwenye faili lake. Waandikie maneno yake ya maji, maumivu, choo, mama na hapana, kwa sababu mtoto atakayeanza kunong'ona huanza kwa lugha ya nyumbani, na nimewahi kuona wodi nzima ikidhani mtoto anaguna tu, hadi mhudumu wa usafi aliyetoka kwao aliposimama na fagio lake akasema kwamba huyu mtoto anaomba maji.